Bwawa Lililowahi Kuiva

Kila asubuhi Makaio na mkewe Ululani huamkia mabwawani. Wanalima mwani wa maji baridi, ule mdogo usioonekana kwa macho. Ukiwa mchanga, maji huwa ya kijani. Ukikosa chakula na kuchomwa na jua kali la pwani yetu hii ya Kona, huwa mwekundu. Hapo huvunwa na kukaushwa kuwa unga wa lishe.

Marehemu baba yake Makaio alianza na mbegu ya chupa moja. Familia imeitunza kwa kuchota maji ya bwawa moja kuanzishia jingine. Nasema bila aibu: pwani yetu nzima haina mwani mzuri kuliko wa kwao.

Mwaka jana bwawa la mwisho lilibadilika rangi kabla ya mengine. Kichwa kikamvimba Makaio.

"Mke wangu, njoo uone! Limewahi kuiva! Mbegu ya msimu ujao tutachota hapa."

"Wekundu huu siupendi," Ululani akasema. "Una matope."

"Matope yako machoni mwako."

Akampigia simu kaka yake mkubwa, Palani, ambaye naye ana mabwawa. Aje na ndoo, agawiwe mbegu.

Ululani hakubishana. Alikwenda kwa jirani yao, Anti Kapua, aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya mwani. Anti alikuja na hadubini yake. Kwanza alichota maji kwenye glasi, akayaacha yatulie.

"Mwani mzima hushuka chini kama unga," alisema. "Huu umegandana mabonge. Haya, chungulia."

Makaio akachungulia kwenye hadubini. "Vidude gani hivi vimeng'ang'ania mwani wangu?"

"Kuvu. Ni ndugu wa ukungu wa mkate, ila huyu anaishi majini. Hujishika kwenye chembe ya mwani, akanyonya vya ndani. Kisha huzaa watoto, nao hutafuta chembe nyingine. Rangi hii si ya kuiva, mwanangu. Mwani unakufa."

"Dawa yake?"

"Bwawa hili halina dawa. Litie klorini, ulimwage mbali. Kukausha tu hakutoshi, maana mayai ya kuvu hulala yakisubiri maji. Na huu wavu wenu wa kuopolea takataka, umepita mabwawa mangapi?"

"Yote," Makaio akajibu kwa sauti ndogo.

Makaio akayatazama mabwawa mengine. Kama kuvu ameingia kila mahali, mbegu ya baba imekwisha.

Wakapima bwawa baada ya bwawa. Karibu yote yalikuwa na kuvu. La kwanza tu lilikuwa safi. Anti akajaza chupa safi kutoka humo, akaifunga, akaipeleka ndani ya nyumba.

Palani akafika na ndoo yake. Aliposikia habari, alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe uliniita nije kuchukua ugonjwa!"

Makaio akachukua klorini. Aliitia kila bwawa lenye kuvu, akafungua maji mbele ya kaka yake, karibu mavuno yote yakaenda. Ululani alisimama karibu naye. Alimwonea mumewe fahari siku ile kuliko siku yoyote ya mavuno.

Tangu hapo kila bwawa lina wavu wake na ndoo yake. Mbegu hukaa ndani, kwenye chupa zilizofungwa. Ululani hupima maji kwa hadubini mara kwa mara, na akiona kuvu wachache tu, wanavuna mapema kabla hawajaenea. Msimu huu mabwawa yote yaliiva, mekundu ya kweli.

Juzi Palani alikuja tena. Safari hii hakucheka.

"Mdogo wangu, kuvu wameua mabwawa yangu yote. Mbegu ipo?"

"Ipo. Lakini vua viatu hapo, unawe mpaka kwenye viwiko."

"Hata mimi kaka yako?"

"Wewe hasa!"

Palani akavua, akanawa. Makaio akamletea chupa ya maji ya kijani.

"Hii ni ile ya baba kweli?"

"Ni ile ile, kaka."

Palani akaipokea kwa mikono miwili.