Bado Tunamsubiri Abiria Mmoja

Maiki ilikuwa imezimwa. Dada wa langoni, pale uwanja wa ndege, alikwisha kutoa kidole kwenye kitufe na kitaa chekundu kilikwisha kuzimika, lakini spika za ukumbini zilitamka neno moja zaidi, kwa sauti ya kiume, polepole. Zilisema, "Naam."

Aligeuka kumtazama mwenzake wa kaunta, ambaye alikuwa akitafuna bigijii na kuchezea simu, akamuuliza kama amesikia. Mwenzake akamjibu kwamba leo hasikii chochote, abiria wameamka na midomo na yeye ameziba masikio tangu asubuhi. Basi dada akaachana nalo. Mtu ukitangaza kutwa nzima masikio nayo huchoka, alijipoza hivyo, akaendelea na kazi.

Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kutangaza. Wenzake walimwita Sauti, kwa kuwa alijaliwa sauti laini ya kulazia watoto, na shirika lilimwajiri ili awalaze watu wazima. Maana shirika lile lilikuwa limekubuhu kwa uongo, na sioni sababu ya kulifunika. Ndege ikikosekana, walisema imechelewa kidogo. Ikiharibika, walisema inafanyiwa usafi. Siku hiyo ndege ilikuwa imepelekwa kwenye safari nyingine yenye wateja wakubwa zaidi, na watu waliokaa pale wakiitazama njia ya kurukia waliambiwa eti hali ya hewa si nzuri, ilhali jua lilikuwa linawaka mpaka lami inang'aa.

Meneja wa zamu, ambaye nyuma ya mgongo wake wote walimwita Bado Kidogo, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Neno "imefutwa" alilipiga marufuku, kwa sababu abiria akilisikia anadai kitanda na chakula. Na hila yake kubwa, aliyoibuni mwenyewe na kujisifia kwayo, ilikuwa hii: abiria wakianza kuwaka, waambie ndege iko tayari, ila tunamsubiri abiria mmoja. Papo hapo hasira zinahama kaunta. Watu wanaanza kumlaani mtu asiyekuwepo, asiye na tiketi wala mzazi. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Mmoja, wakawa wakimtania wakati wa chai. Bwana Mmoja leo kakwama wapi? Bwana Mmoja anapiga mswaki.

Mwaka mzima Sauti alikuwa akimwita. Abiria mmoja tunayekusubiri, tafadhali fika langoni, wenzako wanakungoja, nafasi yako ipo. Alimwita asubuhi na jioni, kwa heshima zote. Sidhani kama kuna kiumbe aliyewahi kubembelezwa kiasi kile.

Siku hiyo mama yake mzazi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisubiri. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilikuwa linakwenda njia hiyo hiyo. Watu aliwaona vivuli tu, akiwatambua kwa mwendo na sauti. Daktari wa macho katika mji mwingine alikuwa amempangia upasuaji kesho yake asubuhi. Miadi ya kwanza ilimpita kwa sababu ya ndege ya shirika hili hili kuchelewa, na daktari alisema bila kumung'unya maneno kwamba jicho halitangoja mara ya pili. Sauti alikuwa amemkatia tiketi ya jamaa wa mfanyakazi, ile ya bei ya chini, ambayo mwenye nayo hupanda wa mwisho na akikosa nafasi halalamiki.

"Mwanangu," mama aliita kutoka viti vya nyuma.

"Abee, mama," Sauti akaitika toka kaunta, na maiki ilikuwa wazi, ukumbi mzima ukamsikia. Watu wakacheka kidogo. Ndivyo alivyolelewa: mama akiita, unaitika hapo hapo, hata ukiwa na tonge mdomoni. Aliitika hivyo tangu utotoni na hakujua njia nyingine.

Akamwendea. Mama alitaka tu kuuliza kuhusu huyo abiria anayesubiriwa. Masikini, labda amepatwa na shida njiani. Alikuwa ameondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, ili akija apate pa kupumzika. Sauti alimtazama mama yake akikifuta kile kiti, na moyo ukamchoma. Alirudi kaunta akaendelea kudanganya.

Harufu ilianza baada ya hapo. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua ikichanganyika na ya udongo uliofukuliwa, nayo ilikaa mahali pamoja, pale nyuma. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri safari nyingine ya shirika hilo, nayo imechelewa, alikuja kaunta kugomba. Alikuwa mganga wa kutoa majini, mnene, amevaa suti iliyombana, na alikuwa anakwenda likizo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alianza kwa kishindo, akawaita wezi, akataka aitiwe mkubwa wao. Halafu katikati ya neno akasita. Pua zilimcheza. Aligeuza kichwa kuelekea viti vya nyuma, akatazama kwa muda, kisha akachukua begi lake akaenda kusimama mbali, mgongo ukutani.

Sauti akatazama kule alikotazama mganga. Mama yake alikuwa anazungumza, ametabasamu, amekielekezea uso kile kiti kitupu alichokifuta, akitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za safari ndefu, na kiti chenyewe, cha plastiki ngumu isiyobonyea hata ukikaliwa na mtu wa kilo mia, kilikuwa kimebonyea.

Alikwenda mbio. Alimshika mama mkono, akamuuliza anaongea na nani. Mama akajibu kwa sauti ya chini, ya adabu, kwamba si huyu hapa, yule waliyekuwa wakimsubiri, amekuja, mbona hawatangazi? Ananuka kidogo, akanong'ona, lakini ametoka mbali mno na anasema hakuna aliyewahi kumwita popote isipokuwa hapa.

Wakati huo ndege ikatua. Bado Kidogo alitoka ofisini akipiga makofi, akaamuru watu wapandishwe haraka kabla wakubwa hawajabadili mawazo. Jicho la mama lilikuwa moja tu, na alichotaka Sauti ni mama yake aingie ndani ya ndege ile aende zake. Aliwapitisha abiria mmoja mmoja. Mama akawa wa mwisho, kama tiketi yake ilivyoamuru, akatembea kwa kupapasa mpaka kwenye ngazi. Na kutoka kaunta, kupitia kioo, Sauti alimwona mhudumu wa ndege akimzuia mlangoni.

Walikuwa wamehesabu vichwa, na ndege ilikuwa imejaa. Wakahesabu tena, ikawa imejaa vile vile. Mama akarudishwa chini, akaletwa ukumbini akiwa ameshikwa kiwiko, mkoba kifuani. Alisema bila hasira kwamba wamemwambia kiti chake kina mtu. "Nadhani ni yule mwenzangu," akaongeza. "Alinitangulia. Si kitu, mwanangu, ataniombea."

Sauti alimwendea Bado Kidogo akamsihi. Meneja hakuinua hata uso. Tiketi ya jamaa ni tiketi ya jamaa, alisema, na mama atasafiri wiki ijayo Mungu akipenda. Ndege ifungwe mlango.

Basi akamkimbilia mganga pale ukutani. Hakujua aanzie wapi, lakini mganga alikuwa ameshaelewa, na alikuwa amekasirika kama mtu aliyeharibiwa likizo.

"Kinachoingia chenyewe mimi nakitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Hiki mmekiita, tena kwa adabu. Mmekiahidi nafasi. Siwezi kukifukuza mahali kilipokaribishwa."

"Nifanye nini?"

"Mdomo uliokiita ndio ukiambie kweli, kwa maiki ile ile. Lakini kitakasirika. Kuanzia leo ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike, hata mara moja. Chenyewe kiliitika, ndiyo maana kiko hapa. Wewe ukiitika, utakuwa wake."

Sauti alirudi kaunta. Alibonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe sauti yake haikuwa tamu, ilikuwa kavu na ilikatikakatika, akasema kwamba hakuna abiria mmoja, hajawahi kuwepo, kwamba mwaka mzima yeye na shirika lake wamekuwa wakiwadanganya watu, ndege zilikuwa hazipo au zimeharibika au zimepelekwa kwingine, na wewe uliyekuja, nilikuita kwa uongo, huna kiti, huna tiketi, hakuna aliyekusubiri, toka.

Bado Kidogo alikuwa akikimbia kuja kumnyang'anya maiki, lakini alisimama katikati ya ukumbi, maana taa zote zilififia mpaka zikabaki nyuzi nyekundu, na ile harufu ikaja kwa nguvu kutoka upande wa ndege, ikapita mlangoni, ikapita kwenye zile safu za viti ambavyo kimoja baada ya kingine vilibonyea na kuinuka, vikabonyea na kuinuka, kana kwamba mtu mzito alikuwa anatembea juu yake kuja mbele, mpaka ikafika kaunta na kusimama mbele ya uso wa Sauti, karibu kiasi cha kumpulizia joto kwenye kope, na spika zote za ukumbi, pamoja na za vyooni na za mgahawani, zikasema taratibu, "Uliniita."

Alibana meno. Hakujibu. Machozi yalimtoka, mkojo nao ukamtoka, lakini hakujibu. Mganga pale ukutani alikuwa akisoma kitu midomoni, kichwa ameinamisha. Kisha taa zikawaka.

Mhudumu wa ndege alikuja akihema, akasema samahani sana, wamehesabu upya, kuna kiti kimoja kitupu, yule mama yuko wapi? Sauti akamshika mama yake mkono akampeleka mwenyewe mpaka kwenye ngazi, hatua kwa hatua, akambusu kiganja. Ndege ikaruka. Ukumbini abiria wa safari nyingine, waliosikia kila neno, walikuwa wameshaivamia kaunta, na Bado Kidogo, shati limechanwa, alimfukuza kazi huku amejificha nyuma ya mashine ya mizigo. Sauti hata hakugeuka. Alikwenda nyumbani kwa miguu.

Sasa alikuwa akiitwa. Ilianza siku hiyo hiyo, kwenye bomba la jikoni: sauti yake mwenyewe, ile tamu ya kutangazia, ilisema abiria mmoja tunayekusubiri, tafadhali fika langoni. Ikasemea dirishani, ikasemea chini ya kitanda, ikasemea ndani ya redio iliyochomolewa, nafasi yako ipo, wenzako wanakungoja. Aliifahamu vizuri, maana ndiyo iliyompa ugali wake. Alijifunga kitambaa mdomoni akawa anashinda nusu njaa, asije akasahau akasema ndiyo, akasema nini, akasema nani. Jirani alimgongea mlango akimwita, Sauti akamchungulia kwanza dirishani mpaka alipomwona miguu na uso ndipo akamjibu. Alijua anachofanya. Alikuwa na akili zake timamu, na hakuitika.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mjomba wake, aliyempokea mama kule na kumuuguza, na Sauti alitaka kumwona kwenye video kabla yeye hajasema lolote. Akamwona, ndipo akafungua kitambaa. Bandeji imetolewa, mjomba alisema. Akamgeuzia simu mama. Mama alikuwa ameketi kitandani hospitalini, jicho jekundu lakini wazi, akaikaribia simu, akacheka, akasema mwanangu umekonda, ninakuona umekonda. Walilia wote wawili. Alisema daktari atamruhusu wiki inayofuata, na kwamba atarudi kwa basi, ndege basi tena.

Sauti aliikata simu akabaki amesimama jikoni, jua limejaa sakafuni, moyo mweupe. Jicho limepona. Yote yaliyompata yalikuwa na faida yake. Alifungua bomba, na bomba lilitoa maji tu. Akatia mchele kwenye sinia akaanza kuuchambua, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akajikuta anaimba.

"Mwanangu," mama aliita kutoka chumbani.

"Abee, mama," akaitika.

Mkono ulibaki juu ya sinia. Simu ilikuwa bado ina joto mfukoni mwake. Mlango wa chumbani ukafunguka taratibu, na harufu ndiyo iliyotangulia kutoka.