Miguu Chini ya Mlango

“Dada, leo namwambia. Nikishaitazama hiyo filamu yake tu, namwambia naondoka.”

“Usije ukamwonea huruma tena,” dada yake alifoka kwenye simu. “Chumba nimeshakutandikia. Utaishi vipi na mwanaume asiyekuona?”

Nesi akakata simu, akapanda ngazi. Alikuwa bado na sare za wodi ya watoto, macho mekundu kwa kukesha. Mumewe alikuwa mwongozaji wa filamu, na mtaa mzima ulimwita Akshen, maana filamu zake zote zilianza na gari kulipuka. Nyumbani sasa! Ukimuuliza kama amekula, anakujibu akiwa ameikodolea macho kompyuta.

Chumba cha kuhariria kilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, mapazia meusi, nyaya kila kona. Mhariri, mama mmoja mnene asiyejua kunong’ona, akampokea mlangoni.

“Shemeji, karibu! Njoo umtoe mumeo pepo. Mwanzo wa filamu hii utanitia wazimu.”

“Una nini huo mwanzo?”

“Hauna kitu! Hakuna gari, hakuna bastola, hata muziki kaukataa. Nimemwambia, mtazamaji akikaa tu kitini anataka ajue ampende nani na aogope nini. Yeye anasema mlango unatosha.”

“Mlango?”

“Mlango, shemeji!”

Akshen, aliyekuwa amekaa mbele ya skrini, hakucheka. Alikuwa anafuta viganja kwenye suruali kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

“Kaa, mke wangu. Usiseme kitu mpaka jina la filamu litokee.”

Taa zikazimwa. Skrini ikabaki nyeusi, kisha ukatokea mstari mwembamba wa mwanga sakafuni. Ulikuwa uwazi wa chini ya mlango, ukitazamwa kutoka ndani ya nyumba. Zikasikika hatua kwenye korido. Vivuli vya miguu miwili vikasimama kwenye ule mwanga, vikatulia.

Ufunguo haukuingia kwenye kitasa. Mtu alivuta kamasi. Mkoba ukafunguliwa, ikasikika tishu ikichomolewa. Ikafuata pumzi ndefu. Halafu sauti ya mwanamke, ya chini, ikajijaribu: “Nimerudi.” Akakohoa, akarudia kwa uchangamfu: “Nimerudi, mpenzi!” Ndipo ufunguo ukazunguka, na mwanamke akaingia akitabasamu.

Jina la filamu likatokea.

Nesi alisisimka mwili mzima. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani jambo lile, hata dada yake. Kila mtoto alipofia wodini, hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani. Sura ilikuwa ya mwigizaji, lakini pumzi ile ilikuwa yake.

Mhariri akawasha taa, akamtazama, na kwa mara ya kwanza akanong’ona.

“Shemeji... ni wewe?”

Akakumbuka ghafla kwamba ana chai jikoni, akatoka.

“Ulikuwa unaniona?” Nesi aliuliza.

“Kila mara. Nikikaa kwenye kochi naiona miguu yako.”

“Na hukufungua?”

“Sikufungua.”

“Kwa nini, baba?”

“Niliogopa. Nilijua nitakukuta unalia, na mimi mtu akilia sijui niseme nini. Najua kulipua magari tu.”

“Ukaona unifanye filamu.”

“Si wewe. Wote wanadhani nimemtambulisha mwanamke. Kamera ilikuwa wapi, mke wangu?”

Nesi akafikiri. Kamera ilikuwa ndani, chini, usawa wa kochi. Kumbe muda wote ule kuna mtu alikuwa amekaa pale, anatazama, hainuki. Hakuonyeshwa hata ukucha, na bado alikuwa amejaa kwenye picha nzima. Alistaajabu mpaka akasahau kukasirika.

“Ni wewe,” alisema.

“Ni mimi. Nilitaka watu wamjue huyo mtu kabla hawajaiona sura yake.”

Basi dada alikuwa amekosea. Nesi alikuwa anaonwa. Na hilo liliuma kuliko kutoonwa.

“Nilikuja kukwambia naondoka. Dada amenitandikia chumba.”

“Nilihisi. Ukisema niufute huu mwanzo, naufuta sasa hivi.”

“Sitaki uufute! Ni mzuri, unanitisha kwa uzuri wake. Lakini mimi sikuhitaji filamu. Nilihitaji kuulizwa.”

“Nikuulize nini?”

“Hujui?”

Akshen akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

“Usiku wa jana wodini... ulikuwaje?”

Nesi akataka kutabasamu kwa mazoea. Tabasamu likagoma.

“Tumempoteza mmoja,” alisema. “Alikuwa amenishika kidole, hataki nikitoe...”

Machozi yakamtoka, na safari hii hakuyafuta. Simu ya dada ikaita mkobani, ikakatika, ikaita tena. Hakuna aliyeigusa.

“Alikuwa anaitwa nani?” mumewe aliuliza.

Nesi akamtajia jina la yule mtoto. Kisha akamtajia na wa kabla yake, na wengine wote, na Akshen hakugeuza uso hata mara moja.