Popo kwenye Mabati ya Bhoke

Wewe ulipita pale. Ulisikia ile harufu, ukaziba pua, ukaenda zako mnadani. Jioni, kwenye pombe, ukasema Bhoke anafuga popo. Sijasahau.

Ilikuwa mwaka 1956, hapa kijijini Nyarero. Bhoke hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, alitoa ng'ombe akamwoa Mokami, mwanamke mwenzake, azae na mwanamume amtakaye, ili nyumba ya Bhoke ipate wajukuu. Mokami akazaa Marwa. Bhoke akaezeka mabati, mjukuu asinyeshewe.

Popo nao wakayapenda mabati. Mchana walilala kati ya bati na ukuta. Mavi yao yaliangukia unga wa wimbi na kitanda cha mtoto.

Bhoke akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, kama anavyokandika ukuta. Adhuhuri akaziba matundu yote. Lakini popo walikuwa ndani, wamelala. Wengine wakafa humo, wakanuka. Wengine wakashukia chumbani, wakaruka juu ya mtoto.

Mokami akafunga mzigo. "Mama, narudi kwetu. Watu wanasema popo hawa ni wako."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mtoto anakohoa."

Akiondoka Mokami, nyumba ya Bhoke imekwisha. Wote wawili walijua.

Ndipo akaingia jirani yao Felistas, Mjaluo anayefagia kanisa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kumtazama mchawi?"

"Nimekuja kutazama mabati. Kanisani kwetu popo walizidi waumini, na sadaka hawatoi."

Bhoke akacheka.

"Mama, popo hutoka jioni kula wadudu, hata mbu," Felistas akasema. "Ukiziba mchana, unawafungia ndani. Zibua lile tundu kubwa walilokuwa wakipitia. Mbele yake tundika gunia. Likaze juu na pembeni, chini liache wazi. Popo atatambaa chini ya gunia atoke. Akirudi, hapati mlango."

"Na vitoto vyao?" Mokami akauliza.

"Vikiwa vichanga, subiri kwanza viweze kuruka. Hivi vya kwenu, kabla hamjaziba, nilikuwa nikiviona jioni vikiruka na mama zao. Halafu mavi yao msifagie makavu, vumbi lake linaumiza kifua. Nyunyizeni maji, mfunge pua kwa kitambaa. Mtoto akae mbali. Na popo asishikwe kwa mkono. Akimuuma mtu, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku hiyo hiyo."

Mokami akaweka mzigo chini. "Nitangoja nione hilo gunia."

"Likifanya kazi?" Bhoke akauliza.

"Basi sina sababu ya kwenda."

Jioni walikaa nje, Marwa mapajani. Popo wakatambaa chini ya gunia, mmoja mmoja, wakapotea. Waliporudi walizunguka paa, wakakosa njia, wakaenda kwenye miamba. Gunia likaachwa siku kadhaa, mpaka jioni moja hakutoka popo hata mmoja. Ndipo Bhoke akaziba. Wakalowesha uchafu, wakausafisha. Kikohozi cha Marwa kikaisha. Mokami akafungua mzigo wake, akatundika nguo zake ukutani.

Na wale wa kwenye pombe? Walikuja kuazima gunia. Hakuna aliyemwomba Bhoke radhi.

Sasa nakuambia wewe. Leo, kabla jua halijazama, simama nje uangalie popo wanatokea wapi. Usizibe kabla hawajatoka. Kisha nenda kwa yule mama mnayemnong'ona kuwa ni mchawi kijijini kwako. Ingia, msalimie, mshikie ngazi atundike gunia. Usiseme kesho.