Fundi Annastella na Bawa la Upepo

Annastella ni fundi cherehani pale Kemondo. Kibanda chake kiko kando ya barabara inayoshuka bandarini. Kila asubuhi anafungua mlango, anapangusa vumbi kwenye cherehani, anaanza kazi. Anashona sare za shule, magauni ya kwaya na mapazia. Macho yakichoka, anatazama ziwa.

Mume wake ni Philbert. Anafanya kazi kwenye ghala la kahawa. Philbert alizaliwa Muleba, huko juu kwenye migomba, mbali na maji. Ziwani huingia mpaka magotini tu, basi. Annastella ndiye mtoto wa ziwa. Alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma.

Wana binti mmoja, Joyness, wa miaka kumi na miwili.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, kijana mrefu alisimama mlangoni kwa Annastella. Mgongoni alikuwa na mfuko mkubwa.

"Habari za kazi, Ma Annastella?"

"Nzuri, kaka. Umeniletea hema nishone?"

"Si hema. Ni bawa."

Kijana huyo aliitwa Riyadhi. Ni mzaliwa wa Bukoba mjini. Alikaa Unguja miaka sita akifundisha watu michezo ya maji, na sasa alikuwa amerudi nyumbani. Alifungua mfuko na kutandaza kitambaa chepesi sakafuni. Kilikuwa na rangi ya njano na bluu. Kilikuwa na mirija ya kujazwa upepo na vishikio viwili vya mkono. Katikati kilikuwa kimechanika.

"Kilinasa kwenye senyenge," alisema Riyadhi.

Annastella alikigusa. "Ndege mwenye bawa la ukubwa huu anakula nini?"

Riyadhi alicheka. "Ndege ni mtu. Unasimama juu ya ubao, umeshika bawa kwa mikono miwili. Upepo unakuvuta. Chini ya ubao kuna mguu wa chuma, na kwenye mguu kuna bawa jingine dogo, ndani ya maji. Ukipata mwendo, lile bawa dogo linauinua ubao wote. Unapaa juu ya maji. Wazungu wanauita wingfoil. Mimi nauita mchezo wa bawa."

Annastella alikaa kwenye cherehani na kushona mshono wa zigizaga, polepole, mara mbili. Kisha aliuvuta kwa nguvu ili kuupima. Haukuachia.

"Na mwanamke anaweza?" aliuliza.

"Wanawake wengi hujifunza haraka. Hawashindani na upepo. Kesho saa nane mchana nitakuja nikufundishe. Bawa nitalijaza upepo tuupime mshono, kisha naliacha kwako pamoja na ubao na jaketi la kuokolea nilivyoacha nje. Tafadhali, mtu asiviingize majini kabla sijafika."

Jioni Philbert alirudi kutoka kazini. Alikuta ubao mpana sebuleni na bawa limeegemea kabati. Annastella alimweleza yote.

"Utajifunza wewe?" Philbert aliuliza. "Mama Joyness, kitu kipya hujaribiwa kwanza na mwenye nyumba."

"Baba Joyness, hujui kuogelea."

"Mtu anayesimama juu ya ubao anaogelea kwa nini?"

Asubuhi ya Jumamosi Annastella alikwenda sokoni. Philbert aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Alibeba ubao kichwani, akashika bawa mkononi. Jaketi la kuokolea alilijaribu, likambana tumbo. Akaliacha kitandani.

Ziwa lilikuwa tulivu kabisa karibu na ufukwe. Upepo mzuri ulikuwa unampuliza mgongoni. Philbert alifunga kamba ya bawa mkononi, akapiga magoti juu ya ubao, akainua bawa. Ubao ukaenda. Akafurahi. Ukaendelea kwenda. Akageuka kutazama nyuma, akaona nyumba zimekuwa ndogo.

Joyness alimkuta mama yake sokoni. Alikuwa anahema.

"Mama! Baba anaondoka!"

"Anakwenda wapi?"

"Mwanza!"

Annastella aliacha kikapu pale pale. Alikimbia mpaka ufukweni. Mbali sana aliona doa la njano na bluu. Angeweza kuogelea, lakini si umbali ule. Alianza kupunga kanga na kupiga kelele.

Kwa bahati, mtumbwi wa Kyaruzi, mvuvi wa pale, ulikuwa unarudi na dagaa wa usiku. Kyaruzi aliona ile kanga, akageuza injini. Alimkuta Philbert amelala kifudifudi, ameukumbatia ubao, amefumba macho, anasali rozari.

"Ta Philbert," Kyaruzi alimwita, "unakwenda wapi na mwavuli, waitu?"

Philbert alivutwa mtumbwini, akaketi juu ya dagaa.

Saa nane mchana Riyadhi alifika. Alimkuta Philbert amejifunika blanketi, anakunywa chai.

"Vitu vyako vichukue," alisema Philbert. "Hapa nyumbani havikai tena. Na mke wangu hajifunzi kitu."

Annastella aliinamisha uso. Hakutaka kubishana na mtu aliyetoka kuponea chupuchupu.

"Pole sana, kaka," alisema Riyadhi. "Kosa ni langu pia. Nisingeviacha bila kueleza. Lakini niambie, asubuhi upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Nyuma yangu. Ulikuwa upepo mzuri."

"Twende nje kidogo."

Walitoka. Jirani alikuwa anakaanga samaki kwenye jiko la kuni.

"Asubuhi moshi wa jiko hili ulikwenda wapi?" Riyadhi aliuliza.

"Ziwani," alijibu Joyness.

"Na sasa?"

Wote walitazama. Moshi ulikuwa unaelekea kwenye nyumba.

"Asubuhi upepo hushuka kutoka milimani na kwenda ziwani," alisema Riyadhi. "Huo unakusukuma mbali na nchi kavu. Ufukweni huuoni ukali wake, maana nyumba na miti vinauzuia. Ukifika mbele ndipo unakushika. Mchana, jua likipasha nchi kavu joto, upepo hugeuka. Hutoka ziwani, kwa pembeni. Ukishindwa, unakurudisha nyumbani. Anayeanza aingie na upepo huo tu."

Philbert aliutazama moshi. "Kwa hiyo ningengoja saa sita hivi, nisingekwenda Mwanza?"

"Ungengoja, ungevaa jaketi, na ungejua kuogelea. Yote matatu."

Philbert alikunywa chai yake yote. Kisha alimtazama mke wake. Bado alikuwa ameinamisha uso.

"Mama Joyness, nenda ukajifunze," alisema. "Mimi nitakaa hapa nione moshi."

Siku ile Riyadhi hakumwingiza Annastella majini. Walibaki mchangani.

"Liinue bawa juu ya kichwa," alimwambia. "Unaona? Hapo halina nguvu. Limetulia. Sasa vuta mkono wa nyuma."

Annastella alivuta. Bawa lilijaa upepo na kumburuta hatua tatu. Alipiga kelele, kisha akacheka.

"Ukiogopa, ufanye nini?"

"Nilishike sana?"

"Hapana. Liachie. Kamba iliyofungwa mkononi italishika, halitapotea. Ukiachia, nguvu yote inakwisha."

Walirudia kushika na kuachia mpaka jasho likamtoka.

Jumamosi iliyofuata waliingia majini. Riyadhi alichagua mahali penye mchanga, pasipo na matete wala nyavu za wavuvi. Alimuuliza Kyaruzi kwanza kama kiboko au mamba ameonekana upande ule. Kyaruzi alisema hapana.

"Na kichocho?" Annastella aliuliza.

"Konokono wake hupenda matete na maji yaliyotuama. Ndiyo maana tuko hapa. Hata hivyo, kila mwaka tukapimwe kituo cha afya. Mimi hupimwa."

Annastella alivaa jaketi na kofia ngumu. Alipewa ubao mpana usio na mguu wa chuma. Alipiga magoti juu yake na kwenda taratibu sambamba na ufukwe, kisha akarudi. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alianguka. Mara ya kumi na moja alisimama.

"Usitazame miguu!" Riyadhi alipaza sauti. "Tazama unakokwenda!"

Kabla ya kutoka majini, alimfundisha jambo moja zaidi. "Upepo ukifa, au wewe ukichoka, pindua bawa, lala juu ya ubao, upige kasia kwa mikono. Usiuache ubao kamwe. Ubao ni boya lako." Annastella alirudi ufukweni kwa njia hiyo mara tatu, ili mikono ikariri.

Na Philbert? Jioni moja alimfuata mke wake pale cherehani. Alizungukazunguka. Alichezea mkasi.

"Mama Joyness, nifundishe kuogelea."

Annastella alizima cherehani. "Umesema?"

"Umenisikia."

Basi kila jioni, kwa wiki nne, watu wa Kemondo walimwona mtu mzima wa ghala la kahawa akipiga miguu majini, huku mke wake amemshikilia tumbo. Mwanzoni watoto walikuja kucheka. Wiki ya tatu waliacha kuja, kwa sababu alikuwa anaelea.

Mwezi wa nane Riyadhi alifunga mguu wa chuma chini ya ubao. Ulikuwa mrefu kama mguu wa meza, na bawa lake dogo lilikuwa na kingo kali.

"Hapa ndipo watu huumia," alisema. "Ingia mpaka maji yafike kifuani, mguu usiguse chini. Ukianguka, anguka mbali na ubao, usianguke mbele yake. Ubao ukianza kupanda, usishtuke. Weka uzito mguu wa mbele."

"Na upepo?"

"Tazama. Mapovu meupe machache yametokea. Unatosha. Mapovu yakifunika ziwa lote, au wingu jeusi likitokea, tunatoka."

Philbert na Joyness walikaa ufukweni. Kyaruzi alikuwa anatandaza dagaa na mkewe. Wote walijua Annastella yuko majini, na mtumbwi ulikuwa tayari. Riyadhi alikuwa amewapanga hivyo.

Annastella alisimama. Ubao ulianza kukata mawimbi. Alihisi bawa likimvuta mabegani. Alitazama mbele, kwenye kisiwa. Kisha kelele za maji chini yake zikakoma.

Hakuelewa kwanza. Kulikuwa na kimya. Hakuna mawimbi yaliyogonga ubao, hakuna mtikisiko. Alipochungulia, maji yalikuwa chini, futi nzima chini, na kivuli chake kilikuwa kinakimbia juu yake.

"Mama anapaa!" Joyness alipiga kelele. "Mama anapaa!"

Alipaa kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha alitazama miguu, akaanguka kwa kishindo. Aliibuka akicheka, akatema maji, akapanda tena.

Alipotoka, mke wa Kyaruzi alimkimbilia na mikono yenye magamba ya dagaa. "Kasinge, Ma Annastella! Kasinge!" Alimpongeza huku akimkumbatia. Philbert alimfunika mkewe kanga, akambebea ubao mpaka nyumbani. Njia nzima alitabasamu kama yeye ndiye aliyepaa.

Sasa ni mwaka mwingine. Jumamosi mchana ufukwe ule una watu. Wapo walimu wawili kutoka Muleba, na nesi mmoja wa Bukoba aitwaye Theopista. Riyadhi anafundisha, na Annastella anamsaidia kwa wanaoanza. Hakuna anayegusa maji bila jaketi. Hakuna anayeingia kabla ya kutazama moshi. Bado hawajampoteza mtu, wala hawajamfuata mtu njiani kwenda Mwanza.

Jumamosi iliyopita Philbert alikuwa kwenye ubao mpana. Kwa miezi mingi alikuwa anakwenda kwa magoti tu, na hakuona haya. Siku hiyo alitia mguu mmoja mbele, akatia na wa pili. Akasimama. Akaenda hatua kama thelathini, wima, mbele ya upepo wa ziwa. Kisha akaanguka.

Aliibuka na mikono juu. "Mmeniona? Mmeniona?"

Ufukweni walitazamana. Riyadhi alikuwa anajaza bawa upepo. Joyness alikuwa anamfunga Theopista jaketi. Annastella alikuwa amelipa ziwa mgongo.

"Hatujakuona, Baba Joyness," Annastella alijibu. "Rudia."

Philbert aliupanda ubao, akapiga magoti, akainua bawa.

Akarudia.