Bei ya Pale Ulipo

Dukani kwa wakala wa kompyuta watu walikuwa wamejazana mpaka mlangoni, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Mbele ya kaunta alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani lenye maua meupe kifuani, nakshi alizotarizi mwenyewe. Alikuwa akigombana na muuzaji kwa sauti ya upole, ule upole unaotisha.

"Kaka yangu, nieleweshe taratibu. Programu ni ileile?"

"Ileile, dada."

"Haina hata kitufe kimoja cha ziada kwa ajili yetu?"

"Haina."

"Na mtarizi mwenzangu ng'ambo analipa chini ya nusu ya hii unayonitajia?"

Muuzaji alijifuta jasho. "Bei hatupangi sisi. Kampuni ndiyo inayopanga, kila nchi na yake. Hata ukinunua mwenyewe mtandaoni, ukurasa unajua ulipo. Ukiwa hapa unaonyeshwa bei ya hapa, ukiwa kule unaonyeshwa ya kule."

"Kwa hiyo kosa langu ni kukaa kwetu."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya kiyoyozi. Alicheka mpaka mkono ukamteleza, na maji machafu yakamwagikia ua moja jeupe la lile gauni.

"Wewe wa juu! Teremka."

Aliteremka. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyofifia magotini, na macho ambayo hayakuwa na habari na kitu kingine chochote mle dukani.

"Samahani, dada. Nitakulipia dobi."

"Dobi wa nakshi hizi ni mimi mwenyewe."

"Basi nitakulipa wewe. Nipe namba yako, nisije nikadaiwa bure."

Alimpa. Kijana huyo wenzake kazini walimwita Barafu, kwa kuwa alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi. Yeye msichana tangu shuleni aliitwa Sindano, mwanzoni kwa sababu ya ulimi, baadaye kwa sababu ya kazi.

Siku ile Sindano alilipa bei ya kwao, huku moyo ukimuuma. Angefanyaje? Bila ile programu mashine zake mbili za kutarizi zilikuwa vyuma tu. Alikuwa amepanga chumba juu ya duka la rangi, na humo alitengeneza beji za shule, majina ya madaktari kwenye makoti na nembo za kampuni za ulinzi. Barafu akaanza kupita jioni, eti kuangalia kama feni ya chumba inazunguka sawasawa.

"Feni ina nini leo?" Sindano aliuliza bila kuinua macho.

"Inazunguka upande mmoja tu. Nina wasiwasi nayo."

"Feni zote huzunguka upande mmoja, Barafu."

"Ndiyo maana inabidi nije kesho nihakikishe."

Penzi lao lilikwenda hivyo, kwa utani na vicheko, mpaka siku moja lilipowabana wote wawili na utani ukaisha. Barafu alipelekwa kwa mama yake Sindano, mjane mwenye sauti nzito aliyempenda kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Kisha kazi ikapatikana ng'ambo: kufunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, mkataba wa miaka miwili.

"Nenda," Sindano alimwambia kwenye uwanja wa ndege, akimnyooshea kola. "Lakini ukirudi, uje kwangu kabla hujafika kwenu."

"Nikirudi nakuja moja kwa moja kwa mama. Nakuposa na begi liko mgongoni."

Mwaka wa kwanza walipigiana simu kila siku. Barafu alimwonyesha theluji, soksi zake tatu tatu na chumba alichokaa na wenzake. Baadaye simu za video zikawa na giza. Alikuwa amehama, alisema, chumba kipya kina dirisha dogo. Akawa anapiga amevaa koti zito, kofia imeshuka hadi nyusi, na paji la uso linang'aa.

"Mbona unatoka jasho, kipenzi?"

"Hita hizi. Ukiwasha unaungua, ukizima unaganda."

"Maskini wangu."

Katika miezi hiyohiyo mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Sindano na dereva wa teksi walimbeba, mama akilia kama mtoto. Alilala kwenye benchi la hospitali mpaka shingo ikakakamaa, akarudi kazini na macho mekundu, akarudi tena hospitali. Ndugu walikuwa mbali. Alikuwa na simu tu, na ndani ya simu mlikuwa na Barafu, akilia naye.

"Laiti ningekuwa karibu, mpenzi. Ningembeba mama mgongoni. Usingelala peke yako hapo."

"Najua," Sindano alimjibu, na maneno hayo yalimtosha. Aliyafumbata kifuani kama blanketi, akalala.

Mama alitoka hospitali na mkongojo. Akiba ilikuwa imekwisha, na programu nayo ikafika muda wa kulipiwa upya. Bei ilikuwa imepanda tena. Katika kikundi cha watarizi kwenye simu, mama mmoja aliyeishi nchi ileile aliyokuwamo Barafu aliandika kwamba yeye hata nusu ya fedha hizo halipi. Watu wakawaka. "Kitu kilekile! Tunaadhibiwa kwa lipi?" Sindano hakuandika neno. Alikuwa keshapata ufumbuzi, tena wenye koti zito.

Alimpigia Jumapili mchana, ambapo kwa saa za Barafu ilikuwa usiku.

"Laazizi, leo nakutuma dukani. Ninunulie programu ukiwa hukohuko, kwa bei ya huko. Fedha nitakutumia."

Barafu alifurahi kweli. Tangu mama augue alikuwa akitafuta jambo la kumfanyia. "Hilo tu? Subiri nifungue laptopu." Akabonyeza, akasogeza uso kwenye kioo. "Mpenzi, mbona bei ni hiyohiyo?"

"Haiwezekani. Kuna mama yuko hukohuko, amelipa juzi."

"Basi amewadanganya. Naona kwa macho yangu."

"Barafu, usinione mjinga. Au unataka chenji ibaki kwako?"

Neno lile lilimchoma. Katika miezi yote ile, hilo ndilo lilikuwa jambo la pekee alilokuwa akilisema kwa ukweli mtupu, na ndilo lisiloaminiwa. "Mimi nikuibie? Tazama mwenyewe!" Akageuza simu kuelekea kwenye laptopu.

Sindano akatazama. Bei ilikuwa ileile kweli, tarakimu kwa tarakimu. Iliandikwa kwa fedha ya nyumbani. Na chini yake, kwa maandishi madogo, ukurasa ulikuwa umetaja jina la nchi ya mteja, na nchi ile haikuwa na theluji.

"Umeona?" Barafu alisema, sauti imejaa ushindi wa mtu aliyeonewa.

"Nimeona."

"Haya, niombe radhi."

Sindano alikuwa akiitazama picha yote sasa: blanketi lililopigiliwa misumari dirishani, na pembeni yake uzi mwembamba wa mwanga mweupe wa jua la mchana. Kwa mbali alisikia jogoo.

"Barafu. Baridi ikoje leo?"

"We acha tu. Kali."

"Vua koti."

"Eh?"

"Vua koti, mpenzi wangu. Utazimia na joto."

Simu ikakatika.

Sindano alibaki ameketi kati ya mashine zake mbili. Hakulia. Kilichomjia kwanza kilikuwa aibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akitembea barabarani na gauni limechanika mgongoni na watu wote wameona isipokuwa yeye. Kampuni ya mbali ilimtoza zaidi kwa sababu alikuwa hapa, na walau haikumficha. Huyu wake alikuwa hapa, akamtoza mapenzi ya mtu aliye mbali.

Jumatatu alipanda ngazi za chumba chake cha kazi, akamkuta Barafu amekaa kwenye ngazi ya mwisho. Alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa vibaya, na alikuwa amekonda. Sindano alimpita, akafungua mlango, akawasha mashine. Sindano zikaanza kugonga.

"Tangu lini?" aliuliza juu ya kelele zile.

"Mkataba ulivunjwa. Kampuni ilifilisika, wakaturudisha. Nina miezi mitano. Nakaa kwa kaka, ng'ambo ya daraja."

"Kwa kaka yako ni mwendo wa basi moja."

"Niliondoka kwa mbwembwe, Sindano. Nilimwahidi mama nyumba. Nilirudi na begi lilelile, hata zawadi ya kitambaa sina. Nikasema wiki moja tu, nipate kibarua, nijitokeze kama mtu. Wiki ikazaa nyingine."

"Na mwanamke?"

"Hakuna. Naapa, hakuna."

"Bora angekuwepo. Ningekuwa na mtu wa kumchukia." Alizima mashine. Chumba kikawa kimya ghafla. "Mama alipoanguka, ulikuwa hapa?"

Barafu aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa hapa. Ukaniambia laiti ungekuwa karibu."

"Nilikuja, mpenzi. Siku ya upasuaji. Nilifika mpaka kwenye geti la hospitali, nikakuona umeinama kwenye benchi. Miguu ikakataa."

"Hilo usingeniambia," Sindano alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Mengine yote ningeweza kuyameza. Ulinitazama nimelala kwenye benchi, ukaenda nyumbani ukavaa koti, ukanipigia."

Barafu alipiga magoti pale sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi. "Nisamehe. Nakuoa hata kesho. Nimepata kazi kiwanda cha maziwa, nalipwa. Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Inuka, utachafua suruali. Nenda kwa mama ukamwambie mwenyewe. Mimi kinywa changu hakitaweza. Bado anakuombea baridi isikudhuru."

Alikwenda jioni ileile. Sindano alibaki jikoni akisikiliza. Alisikia sauti ya Barafu ikipanda na kukatika, kisha ikatulia. Alitegemea kusikia mkongojo ukigongwa sakafuni. Badala yake alisikia mama akisema, "Mwanangu, ulikuwa unakula lakini?" Na mwanamume mzima akalia kwa kwikwi.

Mama alimwita baadaye, macho yamemwiva. "Binti yangu, ameteleza. Hata mimi niliteleza, mkaninyanyua."

"Mama, wewe ulipoteleza uliniita."

Mama hakulirudia tena jambo hilo.

Sindano alimsindikiza Barafu hadi getini. Jua lilikuwa linazama, watoto wa jirani wakicheza mpira barabarani. Barafu alisimama na mikono isiyojua pa kwenda.

"Hakuna hata kidogo kilichobaki?" aliuliza.

"Kipo. Tena kingi, ndiyo maana nakufukuza. Nikikupokea leo, kila simu yako nitaitazama ukuta wa nyuma. Kila ukisema uko kazini nitataka unionyeshe mlango. Sitaki kuwa mwanamke huyo, na wewe hutaki kuishi naye."

"Muda ukipita?"

"Sijui. Siwezi kukuahidi, nisije nami nikawa mwongo."

Barafu alitikisa kichwa, akaenda. Alifika kwenye kona ya barabara, akasimama. Simu ya Sindano ikaita mkononi. Aliitazama mpaka ikakaribia kukata, akapokea.

"Niko hapa kwenye kona," Barafu alisema. "Naliona geti lenu. Nasubiri basi la kwenda kwa kaka."

"Nakuona."

Basi lilikuja limewasha taa, likapakia watu, na Sindano akaendelea kushikilia simu sikioni, akisikia mlango ukibamizwa na kondakta akipiga mbinja, mpaka Barafu mwenyewe akakata. Kisha akaingia ndani kumsaidia mama kulala.