Meli Ikingoja Bamvua

Mkokoteni wa Marijani ulimgonga Mwatima kisigino mbele ya duka la viatu vya watoto, barabara ya Zhanxi, mjini Guangzhou, saa ambayo hata sindano isingepata pa kuangukia. Marobota yalikuwa yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha Marijani, haoni mbele, anapiga kelele kwa Kichina chake cha sokoni na watu wanampisha. Wote walimpisha isipokuwa dada mmoja wa baibui la zambarau na mtandio wa njano, aliyekuwa ameinua kiatu kidogo juu kama anayekinadi, akibishana na mwenye duka.

"Tai gui, laoban! Ghali! Hiki kiatu cha mtoto au cha waziri?"

Hapo ndipo gurudumu lilipomfikia.

"Yarabi! Huna macho wewe?"

Marijani alichungulia ubavuni mwa mzigo. "Samahani sana, dada yangu. Macho ninayo, yamezibwa na marobota."

"Basi yazibue. Ushanivunja mguu."

"Nikubebe? Juu kuna nafasi."

"Ati juu! Kwani mimi mzigo?"

"Ungekuwa mzigo ningekupakia mlangoni, kisha nikalala hapo nikulinde."

Mwatima alitaka kukasirika, uso ukamkatalia. Alicheka huku amejishika kisigino, na mwenye duka, ambaye hakuelewa hata neno moja, akacheka pia, kisha akapunguza bei. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2009.

Marijani alikuwa kijana wa Temeke, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za kubeba mizigo. Alifanya kazi kwa Kariuki, Mkenya mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ndani ya jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei. Kazi yake ilikuwa kukusanya mali za wafanyabiashara wadogo na kuzipakia katika kontena la pamoja. Kila mtu na marobota yake, kila robota na alama yake iliyoandikwa kwa wino mnene. Kabla kontena halijafungwa na kupigwa lakiri, Marijani alipiga picha mlango ukiwa wazi, alama zikionekana. Picha hiyo ndiyo ilikuwa usingizi wa mfanyabiashara. Ukishaiona, unaweza kupanda ndege ukaenda zako.

Mwatima alikuwa wa Mkunazini, Unguja, akiuza nguo za watoto. Aliposafirisha mzigo wake wa kwanza kwa Kariuki, mwezi wa nne, Marijani alimwonyesha picha kwenye simu. Alama yake, MWT UNGUJA, ilikuwa mbele kabisa.

"Umeniweka mlangoni kweli," alisema Mwatima.

"Mimi nikisema kitu, kimekwisha."

Alirudi Unguja, na simu zikaanza. Kila baada ya swala ya isha ya Unguja, Marijani alikuwa macho, huko kwake usiku wa manane.

"Umekula nini leo, laazizi?" Mwatima aliuliza.

"Tambi."

"Tambi tena? Nikija nitakukuta umekuwa uzi."

"Uzi huo utaushonea nini?"

"Mdomo wako. Unasema mno." Kisha sauti ikashuka. "Marijani, baba ameniuliza huyo anayepiga simu kila siku ni nani."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia ni mtu wa mizigo. Akasema, mtu wa mizigo hapigi simu Ijumaa mara tatu. Baba anauliza, huko una karatasi zako sawasawa? Hataki mkwe wa kukimbia-kimbia."

"Viza yangu ipo mpaka mwisho wa mwaka," alisema Marijani.

Ilikuwa imekwisha wiki mbili zilizopita.

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Alijiambia ni mdogo, atautengeneza. Lakini uongo haukai peke yake. Huita ndugu zake.

Mwatima alirudi Guangzhou mwezi wa saba, akanunua marobota kumi na sita ya nguo na viatu vya Iddi. Mfungo ulikuwa unakaribia. Mzigo ulipaswa kuondoka mara moja, ufike mapema, wateja wachague kabla ya Sikukuu. "Nguo ya Iddi baada ya Iddi," alikuwa akisema, "ni tambara la kufutia meza." Ndani ya marobota yale mlikuwa na mtaji wake wote, na mkufu wa marehemu mama yake aliouuza ili kuuongezea.

Siku ya kupakia, Marijani alikuwa akisukuma mkokoteni wa mwisho, wa Mwatima, alipowaona polisi wamejipanga kwenye kona wakikagua pasipoti za Waafrika. Msimu ule ukaguzi ulikuwa kila mahali. Watu walikuwa wakiacha chakula mezani na kupotelea ngazi za nyuma. Aliyasukumia marobota ndani ya stoo ya muuza mabegi aliyemfahamu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, akajikunyata nyuma ya matangi ya maji. Alipothubutu kushuka, kontena lilikuwa limeshafungwa na limeshakwenda bandari ya Huangpu bila yale kumi na sita.

Simu ikalia. "Mzigo umepanda, mpenzi?"

Angeweza kusema. Lakini kusema marobota yamebaki kungetaka kusema kwa nini alikimbia, na kusema kwa nini alikimbia kungefika mpaka kwa baba wa Mkunazini.

"Umepanda," alisema. Jioni akamwonyesha picha. Ilikuwa ile ya mwezi wa nne.

Mwatima aliibusu simu. "Mtu wangu mkweli!"

Marijani alipanga kuyapakia katika kontena la wiki inayofuata, kimyakimya. Ndipo Kariuki alipoingia ofisini amejishika kichwa.

"Buda, kumeharibika. Ile meli imepanda matope. Imetoka Huangpu, haijafika mbali, ikakwama kwenye mfereji wa meli, hapo mtoni. Imelala mshazari, imeziba njia. Hakuna kuingia, hakuna kutoka."

Ofisi ilijaa watu kabla ya adhuhuri. Mama mmoja wa Mwanza alikuwa na mashine za kushonea mle ndani; mzee mmoja wa Lubumbashi alikuwa akiuliza kwa Kifaransa swali lilelile mara kumi. Tagi, zile boti fupi zenye nguvu za kuvutia meli, zilikwenda tatu, zikavuta kutwa nzima, meli isitikisike. Na Marijani, akiwa amesimama katikati ya huzuni ya watu wote hao, alisikia kitu kibaya kikipita moyoni mwake. Kilikuwa ni nafuu. Kama meli imekwama, mzigo wa Mwatima haujachelewa peke yake. Ikae, aliwaza. Ikae wiki moja tu.

Alipotambua anachokiombea, alijipenyeza kati ya watu akatoka nje.

Mwatima hakulia. Alikuwa mtoto wa pwani. Alihesabu siku za mwezi kwa vidole akasema, "Ilikwama maji yakiwa mafu. Haitoki kwa kuvutwa tu, itatoka kwa bamvua. Mwezi unaandama wiki hii; maji yatajaa kuliko kawaida. Tungoje." Kisha kila baada ya swala akaja ofisini, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na Marijani na kuinua mikono.

"Ewe Mola, inyanyue meli hii kwa wepesi, na waliomo, na mali za watu."

"Amin," alisema Marijani.

Aliitikia siku ya kwanza. Aliitikia ya pili, na ya tatu. Kila amin ilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Alikonda. Mwatima akadhani ni uchungu wa mzigo wake, akamletea uji wa mchele kwenye chupa ya chai. "Kunywa, habibi. Usiumie hivyo kwa ajili yangu. Ukifa, nani atanichekesha?"

Uji ule alikunywa. Ulikuwa mtamu, na alitamani uwe shubiri.

Jumatano asubuhi jua lilipatwa. Ghorofa ya saba ya Tianxiu watu walibanana dirishani na vipande vya filamu za eksirei, Wachina kwa Waafrika, wakipokezana. Mwanga ukafifia, barabara ikawa na rangi ya shaba. Mwatima aliswali, kisha akaja kusimama kando ya Marijani kwenye korido. Alikuwa na lile baibui la zambarau.

"Bamvua la jua kupatwa ni kubwa," alisema kwa furaha. "Kesho, inshallah. Tuombe."

Akainua mikono. Aliomba kwa muda mrefu. Alimwombea nahodha, akawaombea mabaharia na mama wa Mwanza, akamwombea na Marijani, kwamba Mungu amlipe kwa uaminifu wake.

Akangoja amin.

Mwatima alifumbua jicho moja. "Huitikii?"

"Siwezi."

"Umechoka?"

"Mwatima, marobota yako hayamo kwenye meli ile."

Alimweleza yote, kuanzia viza, polisi na stoo ya muuza mabegi mpaka ile picha ya zamani. Hakujitetea. Nyuma yao watu walishangilia jua lilipoanza kurudi. Mwatima alisikiliza mpaka mwisho, mikono bado iko juu kidogo, kama aliyesahau kuishusha.

"Mzigo kubaki, ni kadari," alisema hatimaye, taratibu. "Viza, nayo ningekasirika ikapita. Lakini uliitikia amin, Marijani. Siku tatu. Mimi naomba, wewe unaitikia, na unajua. Ulikuwa unamdanganya nani pale? Mimi, au Mola?"

Mtandio wa njano ukapotelea kwenye lifti. Marijani alipiga simu mara saba, ikawa imezimwa.

Alikwenda kwa Kariuki akamweleza naye. Kariuki alifunga daftari lake.

"Ningekufuta kazi, lakini sikiza kwanza. Kuna meli ya pili imekwama hapo Huangpu nyuma ya hiyo. Inangoja mfereji ufunguke. Niko na kontena liko nusu, halijafungwa bado. Hayo marobota yakifika kesho asubuhi, yanaingia. Shida ni geti. Anayekabidhi mzigo lazima jina lake liwe kwenye karatasi, na aonyeshe pasipoti. Ni wewe ama mwenye mali."

"Nitakwenda mimi."

"Buda, unajua wakifungua hiyo pasipoti..."

"Najua."

Alfajiri aliyatoa marobota stoo, akayahesabu mara mbili, akapanda kwenye lori karibu na dereva. Alimwandikia Mwatima ujumbe mfupi: *Mzigo wako unakwenda Huangpu, meli ya pili. Naupeleka mwenyewe. Nikikamatwa getini, mpigie Kariuki akuelekeze. Sikuombi chochote. Nimekukosea.*

Njiani, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, alipumua mpaka chini ya mbavu.

Getini palikuwa na foleni. Ukingoni mwa mto watu walikuwa wamejipanga wakitazama upande wa baharini: meli ilionekana, ndefu kama mtaa, tagi tano zimeing'ang'ania na kamba zimekaza. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye ngazi za gati. Askari alinyoosha mkono. Marijani aliingiza mkono mfukoni, akaishika pasipoti.

"Deng yixia! Ngojeni!"

Teksi ilisimama vibaya, nusu barabarani. Mwatima alishuka na baibui limekunjamana, macho yamevimba, mtandio ameufunga upande. Alipita mbele ya Marijani bila kumtazama, akaweka pasipoti yake mbele ya askari.

"Mwenye mali ni mimi," alisema, akijigonga kifua. "Wo. Mimi."

Askari alilinganisha jina na karatasi, akapiga muhuri. Marobota yakaingia. Mwatima alisimama mlangoni mwa kontena mpaka la kumi na sita, akatoa simu yake mwenyewe na kupiga picha.

"Hii," alisema, "naipiga mimi."

"Ni haki yako."

Walitoka wakasimama ukingoni, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Kwa nini ulikuja?" aliuliza Marijani.

"Nilikuja kwa ajili ya marobota." Akaitazama meli. "Na sikutaka ukamatwe huku umebeba mzigo wangu. Ningekula vipi Iddi?"

"Kesho naenda polisi kwa miguu yangu, Mwatima. Nitawaambia viza imekwisha. Watanitoza faini, wataniweka ndani siku kadhaa, kisha watanirudisha nyumbani. Nimechoka ngazi za nyuma."

Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Unasema kweli, au unasema tu?"

"Nimeacha kusema tu."

Honi ililia. Matope yalichemka chini ya meli, mto ukawa kama chai ya maziwa. Pua ya meli ikajitikisa kidogo, ikasita, kisha ikateleza. Ukingo mzima ulilipuka kwa kelele. Mama wa Mwanza, aliyekuwa mbele yao, alimkumbatia Mchina asiyemjua.

"Alhamdulillahi," alisema Mwatima, na machozi yakamtoka kwa meli ambayo haikubeba hata soksi yake. "Dua zangu hazikupotea. Kuna watu mle."

"Niliomba meli isitoke," alisema Marijani. Hilo lilikuwa limebaki, na hakutaka kurudi nalo. "Siku ya kwanza. Niliomba ikae."

Mwatima aliifuata meli kwa macho mpaka iliponyooka katikati ya mfereji.

"Ukifika Dar," alisema, "usinipigie simu. Panda boti, uje Mkunazini, ubishe hodi mchana watu wanakuona. Umweleze baba haya yote, kama ulivyonieleza mimi, na hilo la mwisho pia. Akikufukuza, rudi kesho yake."

"Akinifukuza tena?"

"Mimi nitakuwa dirishani nakuhesabia siku. Usijitie matumaini, nimesema nitahesabu, sikusema nitafungua."

Ndani ya bandari, meli ya pili ilianza kukunja kamba zake. Mwatima alirekebisha mtandio, akainua mikono.

"Ewe Mola, ifikishe salama, na kilichomo, na wanaoingoja."

"Amin," alisema Marijani, kwa sauti iliyokatika katikati.

"Sijasikia."

Alifuta uso kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi, akasema tena, kwa nguvu, mpaka askari wa geti akageuka.