Nguzo ya Mlango

Dualeh alimwona Kuluthum mara ya kwanza katikati ya soko la Nakuru, mwaka 1956, akisukuma gari kuukuu lenye bodi ya mbao. Buibui lake lilikuwa limejaa vumbi na viatu vyake vya Idd vimepinda visigino. Dualeh akacheka.

"Unacheka badala ya kusukuma?"

"Nacheka kwa sababu mimi ni fundi. Leo bahati yako."

"Au yako," akasema Kuluthum, na fundi akaanza kusukuma.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, aliyemfundisha kuendesha huku majirani wakinong'ona. Dualeh akaanza kulitengeneza upya. Kila alasiri Kuluthum alifika gerejini kwake kunywa chai na kuamua kipi kibaki. Taa zikabaki. Rejeta iliyovuja maji ikatupwa.

"Na nguzo hii ya mlango? Mchwa wameimaliza, mpenzi. Mlango utakufungukia kwenye kona."

"Hiyo usiguse."

"Ukaidi gani huu?"

"Wangu. Utauzoea."

Alicheka, naye Dualeh akadhani ni mzaha. Mapenzi yalimtia kiburi. Alhamisi asubuhi aling'oa nguzo, akaweka ya mbao ngumu ya mtarakwa kutoka Molo, akaipaka rangi. Kesho yake wazee wake wangekwenda kumposa Kuluthum, naye alitaka ajue anaolewa na fundi wa kweli.

Alasiri alimkaribisha kwa kikombe cha chai, akafunga mlango mara moja tu. "Umesikia? Hauhitaji kubamizwa tena!"

Kuluthum alipapasa nguzo mpya juu mpaka chini.

"Ile mikato ya kisu iko wapi?"

"Mikwaruzo ile?"

"Kila Idd baba alitusimamisha pale, mimi na mdogo wangu Abdisalam, akakata alama tulipofikia. Ya Abdisalam iliishia hapa." Akashika kiuno chake. "Homa ilimchukua. Hatukuwahi kumpiga picha, Dualeh. Nguzo iko wapi?"

 Dualeh aliangalia jiko la kuni, na birika lililokuwa bado linatoa mvuke. Kuluthum naye akaangalia, kisha akatazama kikombe mkononi mwake. Alikuwa ameshakinywa nusu.

Akakiweka chini taratibu.

"Ilikuwa imeoza, Kuluthum. Niliogopa utaumia."

"Najua. Ungeniuliza."

"Nisamehe, mpenzi. Kesho wazee—"

"Waambie wasije."

Akapanda. Gari likawaka bila kusukumwa. Kuluthum akavuta mlango, nao ukafunga mara moja, sawasawa kama Dualeh alivyoutengeneza.